Hisa ya Ng'ombe Marekani: Majibu kwa Wanaotaka Maziwa Mabichi

Safu ya Daktari wa Mifugo

Katika miezi ya karibuni wasomaji wetu wanaoishi Marekani wameniandikia sana kuhusu mashamba madogo ya maziwa ambayo humuuzia mtu hisa katika kundi la ng'ombe, kisha mwenye hisa hupokea fungu lake la maziwa mabichi kila wiki. Wengi wao wamekulia mahali ambapo maziwa yalitoka zizini alfajiri yakafika jikoni yangali na joto, na maziwa ya dukani ya huko waliko wanayaona mepesi, hayana malai wala ladha waliyoizoea. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Majina nimeyaacha, lakini miji nimeitaja, kwa sababu sheria za maziwa hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na jibu linalomfaa mtu wa Michigan linaweza kumtia matatani mtu wa jimbo la jirani.

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Grand Rapids, Michigan. Mwenzangu wa kazini ni mwanachama wa shamba la herdshare, yaani hisa ya kundi la ng'ombe, naye amenipa fomu. Natakiwa nilipe ada ya kuingia, kisha kila mwezi nilipe ada ya malezi ya ng'ombe, nami nitapata galoni moja kwa wiki. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kama kuuza maziwa mabichi kumekatazwa, inakuwaje kununua sehemu ya ng'ombe kuruhusiwe? Naogopa kuweka sahihi kwenye jambo la ujanja likaniharibia makaratasi yangu ya uhamiaji. Tena mke wangu anataka siagi na samli. Je, shamba linaweza kutupatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuweka sahihi. Tangu mwaka 1987 serikali kuu ya Marekani imekataza maziwa mabichi ya kunywewa na watu, yaliyokwisha kufungashwa, kuvushwa kibiashara kutoka jimbo moja hadi jingine. Ndani ya jimbo, kila jimbo limeachiwa lijiamulie. California na Pennsylvania huruhusu maziwa hayo yauzwe hata dukani mradi mfugaji ana leseni na anakaguliwa. Majimbo mengine humruhusu mnunuzi ayafuate shambani tu. Na mengine yamekataza mauzo kabisa. Ni katika haya ya mwisho ndipo mpango wa hisa ulipopata nguvu, kwa hoja kwamba hakuna sheria inayomzuia mwenye ng'ombe kunywa maziwa ya ng'ombe wake. Ikiwa watu arobaini wamelinunua kundi kwa pamoja na wanamlipa mfugaji awatunzie, wanachopokea kila wiki ni mali yao wenyewe, na fedha wanazotoa ni za malisho, banda na kazi ya kukamua.

Hoja hiyo haikukubaliwa bila mvutano. Huko Ohio, idara ya kilimo ilimfutia leseni mfugaji aliyekuwa na wanahisa, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2006 hakimu akampa haki mfugaji. Colorado iliandika sheria ya kuruhusu hisa mwaka 2005, na Tennessee mwaka 2009. Jimbo lako la Michigan lilitoa mwongozo mwaka 2013, baada ya wafugaji, walaji na maofisa kukaa pamoja kwa miaka kadhaa, na mwongozo huo unautambua mkataba wa hisa. North Carolina, kwa upande wake, iliupiga marufuku mpango huu mwaka 2004 na kuurudisha mwaka 2018, na hiyo inakuonyesha kwamba ruhusa ya leo inaweza kuondolewa kesho na wabunge wa jimbo. Kwa hiyo fomu uliyopewa haina kificho. Mimi si wakili wa uhamiaji, lakini kwa upande wa sheria za maziwa, mtu anayechukua fungu lake kwa ajili ya nyumba yake katika jimbo linalotambua hisa hajavunja chochote. Tatizo huanza pale anapoligeuza fungu hilo kuwa biashara, na hilo nitalieleza katika barua nyingine hapa chini.

Sasa isome fomu yenyewe kwa makini, kwa kuwa mkataba wa kweli huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni hati ya mauzo inayoonyesha kwamba umenunua hisa, inataja ni ya kundi gani na ni kiasi gani cha kundi hilo. Ya pili ni mkataba wa malezi, ambamo unamwajiri mfugaji awalishe, awatibu na awakamue ng'ombe kwa niaba yako. Shamba likikuambia ulipe tu kwa kila galoni unayochukua, bila hati ya umiliki, hapo hakuna hisa; hayo ni mauzo ya kawaida yaliyopewa jina jingine, na katika jimbo lililokataza mauzo huo si mkataba wa kukulinda.

Uliza pia yale ambayo watu wengi huyasahau mpaka yawakute. Ng'ombe huachishwa kukamuliwa kwa takriban siku sitini kabla ya kuzaa, na siku za kwanza baada ya kuzaa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ni ya ndama. Katika shamba la ng'ombe watatu au wanne, wawili wakikauka kwa wakati mmoja, fungu lako litapungua, lakini ada ya malezi haipungui, kwa sababu ng'ombe asiyekamuliwa naye anakula. Ng'ombe akifa, hasara ni ya nani? Ukihamia jimbo jingine, shamba litainunua hisa yako au utaiacha ipotee? Majibu haya yawe kwenye karatasi. Piga na hesabu ya mwaka mzima. Kwa mfano, ada ya kuingia ikiwa dola 60 na ya malezi dola 40 kwa mwezi, mwaka wa kwanza utatoa dola 540 kwa galoni 52 ukizipata zote, yaani zaidi kidogo ya dola 10 kwa galoni, na galoni moja ni lita 3.8 hivi. Wapo wanaoona inafaa, na wapo ambao wangeziweka fedha hizo kwingine.

Kuhusu siagi na samli, mwongozo wa Michigan unahusu maziwa mabichi yenyewe, haukuhalalisha shamba kuwagawia wanahisa krimu wala siagi. Mwambie shemeji yangu asisikitike, kwa maana samli nzuri hutengenezwa nyumbani. Maziwa ya shamba hayajapitishwa kwenye mashine ya kusambaza mafuta, hivyo ukiyachemsha na kuyaacha yapoe, malai huja juu yenyewe. Ayakusanye siku kwa siku kwenye friji, ayapige mpaka siagi ijitenge, aioshe kwa maji baridi, kisha aiyeyushe kwa moto mdogo hadi povu liishe na masimbi yabaki chini yakiwa na rangi ya kahawia. Uliza kama ng'ombe ni wa aina ya Jersey. Maziwa yao huwa na mafuta karibu asilimia 5, wakati yale ya dukani yanayoitwa kamili yamewekwa kwenye asilimia 3.25.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitatu, na nina mimba ya miezi mitano. Tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana pumu ya ngozi na mafua yasiyoisha. Kina mama wenzangu wa mtaani wananiambia maziwa mabichi yatamponya, na kwamba nikiyachemsha nitakuwa nimeua uhai wote uliomo. Tumeshalipia hisa. Je, nimpe mabichi? Na mimi mwenyewe ninywe?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Nakujibu bila kuzunguka: usimpe mtoto maziwa hayo kabla ya kuyachemsha, na wewe usiyanywe mabichi katika hali uliyo nayo. Hisa yako haijapotea, maziwa ni yako na yatakufaa, ila yapitie kwenye sufuria kwanza.

Nikueleze sababu, maana umeuliza kwa nia njema na unastahili zaidi ya katazo. Kuna bakteria wa aina ya E. coli anayeitwa O157:H7, ambaye hukaa kwenye matumbo ya ng'ombe bila kumdhuru. Ng'ombe huyo anakula vizuri, manyoya yanang'aa, kiwele chake ni kizima, na daktari kama mimi nikimpima kwa macho na mikono sitaona lolote. Bakteria hutoka na kinyesi, na tone dogo la kinyesi lisiloonekana likigusa chuchu wakati wa kukamua linatosha kuingiza ugonjwa kwenye ndoo. Mtu mzima anaweza kuharisha siku chache akapona. Mtoto wa chini ya miaka mitano yuko katika hatari nyingine kabisa, kwa sababu sumu ya bakteria huyo inaweza kuharibu chembe za damu na kuziba mishipa midogo ya figo. Mwaka 2012 katika jimbo la Oregon watu 19 waliugua kutokana na maziwa ya shamba moja la hisa lililokuwa na ng'ombe wanne tu. Kumi na watano kati yao walikuwa watoto na vijana, na wanne walifikia hatua ya figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2018, Knoxville, Tennessee, watoto walilazwa kwa ugonjwa uleule, na idara ya afya ya kaunti iliyahusisha maradhi ya wengi wao na maziwa mabichi ya shamba la hisa. Nayataja haya kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema hatari ni ya mashamba makubwa yenye maelfu ya ng'ombe. Shamba la Oregon lilikuwa dogo kuliko mazizi mengi ya kwetu.

Ikitokea mtoto ameshayanywa mabichi na ndani ya siku kama kumi akaanza kuharisha, hasa kuharisha damu, usimpe dawa ya kuzuia kuharisha wala antibayotiki iliyobaki kabatini. Mpeleke hospitali, na umtajie daktari waziwazi kwamba alikunywa maziwa mabichi. Akipauka, akalegea, au mkojo ukapungua, hata kama kuharisha kumeanza kutulia, hiyo ni dharura.

Kwa upande wako, kinachotutia hofu zaidi ni bakteria wa listeria. Tofauti na wengi, huyu huendelea kuzaana hata ndani ya friji. Mama mjamzito anaweza kuhisi homa na maumivu ya mwili kama ya mafua tu, lakini maambukizi yakimfikia mtoto tumboni, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa mfu. Kwa hiyo ubaridi wa friji usikupe matumaini katika jambo hili.

Habari ya kuponya pumu ya ngozi haikutoka hewani. Wataalamu wa Ulaya walichunguza watoto wa mashambani katika maeneo ya milima ya Alps, huko Ujerumani, Austria na Uswisi, wakaona kwamba wale waliokunywa maziwa ya shambani walikuwa na pumu na mizio michache kuliko wenzao. Huo ni uchunguzi wa kweli na unaendelea. Lakini watoto hao walizaliwa na kulelewa kando ya mazizi, na haukusema kwamba mtoto wa mjini ambaye ngozi yake imeshaanza kuwasha atapona akipewa kikombe cha maziwa mabichi. Watafiti wenyewe hawakushauri watu wanywe mabichi, kwa kujua vimelea vinavyoweza kuwamo. Ngozi ya mwanao ionwe na daktari wa watoto.

Na huo uhai unaosemekana unauawa na moto, ni upi hasa? Kalisi haiondoki kwa kuchemsha. Protini yake inabaki ikimfaa mtoto vilevile. Mafuta yote yamo, kwa ishara ya malai unayoyaona juu. Baadhi ya vitamini za kundi B hupungua kiasi, na vitamini C hupungua pia, lakini hakuna mahali ambapo watu hutegemea maziwa ya ng'ombe kwa vitamini C. Bibi zetu walichemsha maziwa kwenye miji na vijiji vyote vya pwani na bara nilivyopata kufanya kazi, wakatulea kwa maziwa hayo, na chai ya maziwa haikuwahi kupikwa kwa namna nyingine. Inanihuzunisha kuona desturi iliyotulinda na homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe ikiachwa na watoto wetu katika nchi ambayo wana jiko la gesi na kipimajoto ndani ya nyumba.

Njia ni hii. Tumia sufuria yenye kitako kizito. Weka moto wa wastani, koroga kwa mwiko ukipitisha chini ili yasishike, na yakianza kufura na povu kupanda ukingoni, punguza moto, yaache yachemke kidogo kisha uipue. Ukipenda ladha isiyo ya kuchemka sana, tumia kipimajoto cha jikoni: nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 kamili, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, huku ukikoroga ili maziwa yote yafikie joto hilo. Hivyo ndivyo viwango ambavyo viwanda hutumia. Halafu tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu, uendelee kukoroga mpaka yapoe, na uyatie kwenye chupa iliyooshwa kwa maji ya moto. Usiyarudishe kwenye mtungi uleule uliokuja na maziwa mabichi.

Jambo moja la ziada, ambalo kina mama wenzako huenda hawakulitaja. Maziwa ya dukani Marekani kwa kawaida huongezwa vitamini D, na ya shambani hayaongezwi. Watoto wetu wenye ngozi nyeusi, katika majira ya baridi ya Ohio ambapo jua ni haba na miili imefunikwa, wanaihitaji sana vitamini hiyo. Ukibadilisha maziwa, mwulize daktari wa mtoto kuhusu matone ya vitamini D.

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Niko Nashville, Tennessee, lakini nimezaliwa Arusha, na kwetu tumefuga. Nimealikwa kulitembelea shamba la hisa kabla ya kujiunga. Niangalie nini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Omba uende saa ya kukamua, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Shamba lililopambwa kwa wageni saa sita mchana halitakuambia kitu, na mfugaji anayekataa wanahisa wake wasione ukamuaji amekwisha kukujibu.

Simama nyuma ya ng'ombe kwanza. Tazama mapaja, mkia na upande wa chini wa kiwele. Kinyesi kilichoganda tabaka juu ya tabaka kinaonyesha kwamba ng'ombe hulala kwenye uchafu, na hakuna kitambaa kitakachoondoa yote hayo kwa dakika moja. Kisha mfuate mkamuaji kwa macho. Ameosha mikono? Kila ng'ombe ana kitambaa chake, au kimoja kinatembea kutoka kiwele hadi kiwele? Chuchu zimekaushwa baada ya kuoshwa? Hili la kukausha watu hulipuuza, nalo ndilo kubwa, kwa kuwa maji machafu yanayotiririka kwenye chuchu huishia ndani ya maziwa. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu inapaswa kukamuliwa kwenye kikombe chenye wavu au sahani nyeusi, na mkamuaji akiinamie kutazama kama kuna mabonge, majimaji au damu. Ukiona mabonge, ng'ombe huyo ana ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake hayatakiwi kuchanganywa. Mwishoni chuchu huchovywa kwenye dawa, kwa sababu tundu lake hubaki wazi kwa muda baada ya kukamuliwa.

Baada ya hapo, yafuate maziwa. Yanachujwa wapi, na yanapoa kwa njia gani? Hata maziwa ambayo yatachemshwa kiwandani yanatakiwa yafikie nyuzi 7 ndani ya saa mbili baada ya kukamuliwa. Kwa maziwa ya hisa dai kasi kubwa zaidi, na yahifadhiwe kwenye nyuzi 4 au chini yake. Omba uone kipimajoto. Uliza nani huosha mitungi ya kioo inayorudishwa na wanahisa, maana wengine huirudisha na utando wa maziwa ya wiki iliyopita shingoni.

Kisha omba karatasi za maabara. Kule California, maziwa mabichi yanayouzwa kihalali hayatakiwi kuzidi bakteria 15,000 kwa mililita moja, wala koliform 10. Koliform ni kipimo cha uchafu wa mazingira na kinyesi. Maziwa ya mkulima yanayokwenda kiwandani kuchemshwa huruhusiwa hadi bakteria 100,000, kwa hiyo mfugaji akikuambia kwa fahari kwamba maziwa yake "yamefaulu ukaguzi", muulize ukaguzi wa kiwango kipi. Taka kuona matokeo ya miezi mingi mfululizo. Karatasi moja nzuri ni habari ya ndoo moja iliyokwisha kunywewa. Muulize pia nini hutokea matokeo yakiwa mabaya: je, huwapigia wanahisa simu siku hiyohiyo?

Uliza kama kila ng'ombe alipimwa brusela, ambayo kwetu tunaijua kama ugonjwa wa kutupa mimba, pamoja na kifua kikuu, na kama ng'ombe mpya hupimwa kabla ya kuingizwa kundini. Uliza kuhusu daftari la matibabu, ili ujue maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibayotiki humwagwa kwa siku ngapi. Na tangu Machi 2024, virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Texas na Kansas, kuna swali jipya. Virusi hivyo hujaa kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa kwa wingi mno, hata paka wa mashamba yale walikufa baada ya kuyanywa mabichi. Joto la kuchemsha huviua. Jua kama shamba limenunua ng'ombe kutoka jimbo jingine hivi karibuni, na kama ng'ombe wowote wameacha kula au maziwa yao kuwa mazito na ya njano ghafla.

Siku ya kuchukua fungu lako, nenda na sanduku la barafu. Mwendo wa saa nzima na mtungi kwenye kiti cha nyuma cha gari mwezi wa Julai unaharibu kazi yote ya mfugaji mwaminifu. Na hata ukiridhika na kila ulichokiona, bado chemsha. Usafi huu wote unapunguza hatari sana, lakini hakuna mkamuaji, hata angekuwa bora kiasi gani, anayeweza kuifuta.

SWALI: Daktari, nipo Louisville, Kentucky, na shamba langu la hisa lipo hapahapa Kentucky. Waumini wenzangu walioko ng'ambo ya mto, Jeffersonville, Indiana, wananiomba niwaletee galoni tatu kila wiki, nao watanirudishia gharama na hela ya mafuta ya gari. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, ndugu yangu, na ni wa aina mbili. Mikataba ya hisa kwa kawaida humkataza mwanahisa kuuza fungu lake, na ukipokea fedha kwa maziwa, hata ukiziita gharama, umekuwa muuzaji. Pili, mto ule ni mpaka wa jimbo, nawe utakuwa unavusha maziwa mabichi kwa ajili ya kuwagawia wengine, jambo ambalo kanuni ya 1987 ililenga. Mwaka 2011 idara ya chakula na dawa ya serikali kuu ilitangaza kwamba haina nia ya kumfuatilia mtu anayevuka mpaka na maziwa ya kunywa yeye mwenyewe, lakini kauli hiyo haikuwahusu wanaowapelekea watu wengine. Zaidi ya sheria, wewe umeliona shamba na unajua unachokunywa, wao hawakuliona. Mtoto wa mmoja wao akiugua, utamtazamaje mama yake? Waambie watafute maziwa ya dukani yaliyochemshwa kwa joto la chini bila kusambazwa mafuta, yale ambayo malai huganda shingoni mwa chupa. Yanapatikana katika maduka mengi ya vyakula vya asili, na ladha yake itawakumbusha nyumbani.

SWALI: Chamgei, Daktari. Mimi ni mtu wa Bonde la Ufa, sasa ninaishi Aurora, Colorado. Nimejiunga na hisa ili nitengeneze mursik, maziwa ya mgando ya kwetu yanayochachishwa kwenye kibuyu, na kibuyu nimeletewa kutoka nyumbani. Mzee mmoja ameniambia maziwa yakichemshwa hayagandi vizuri, na kwamba uchachu wenyewe unaua vijidudu. Tena tumbo langu huvurugika nikinywa maziwa ya dukani, nikasikia mabichi hayavurugi. Nifanyeje?

JIBU: Chamgei mising. Naanza na tumbo. Kinachokuvuruga yaelekea ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo watu wazima wengi duniani hawawezi kuimeng'enya vizuri. Sukari hiyo imo katika maziwa mabichi kwa kiasi kilekile. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwajaribu watu wachache wenye shida kama yako, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, na maziwa mabichi hayakuwapa nafuu zaidi ya yale yaliyochemshwa. Kinachokufaa ni hicho hasa unachotaka kutengeneza, kwa sababu bakteria wa mgando hula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanapochacha, na watu wengi wasiovumilia glasi ya maziwa hunywa mtindi bila taabu.

Mzee wako ana haki kwa jambo moja. Maziwa yaliyochemshwa hayagandi yenyewe kwa uzuri, kwa kuwa moto umeondoa wabaya pamoja na wale wema wanaogandisha. Dawa yake ni kuwarudisha wema. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka ukitumbukiza kidole kisafi usihisi joto wala baridi, kisha tia vijiko kadhaa vya mursik ya zamani kama unayo, au mtindi usiotiwa sukari ambao kwenye kopo umeandikwa kwamba una bakteria hai. Nyumba nyingi za Kericho na Eldoret zimefanya hivi kwa muda mrefu, na sijasikia mgeni akikataa kikombe.

Kuhusu uchachu kuua vijidudu, usiutegemee. Asidi huwapunguza wengine, lakini E. coli niliyoitaja juu huvumilia asidi kuliko wengi, na brusela imeambukiza watu kupitia maziwa ya mgando ambayo hayakuchemshwa. Kwanza moto, ndipo uchachu.

Kibuyu chako kikague kwa ndani. Kisugue kwa ufito, kisuuze kwa maji yanayochemka, kikauke kabisa juani au karibu na moto, halafu ndipo ukipake mkaa. Kama hukuletewa mkaa wa senetwet, mmea wa kwenu unaotumika kwa kazi hii, usiweke mkaa wa kuchomea nyama unaouzwa madukani, kwa sababu aina nyingi huchanganywa na viwashio. Bora ugandishe bila mkaa msimu huu, uagize kijiti kikavu cha senetwet kutoka kwa ndugu zako, na kabla ya kumwambia yeyote akibebe safarini, aulize masharti ya forodha kuhusu mimea. Siku mbili au tatu kwenye kibuyu zinatosha kuanza kuonja katika joto la nyumbani, kisha kihamishie mahali pa baridi kabla uchachu haujawa mkali.